Niuze IST ninunue gari la umeme? Na je, litapanda kutoka Kyela na mzigo?

SWALI

Mshauri, habari za kazi.

Nina duka la nafaka Mwanjelwa, hapa Mbeya, na nyumbani kwangu ni Uyole. Gari langu ni Toyota IST yenye injini ndogo, na kwa wastani inakunywa lita 90 za petroli kwa mwezi. Mizunguko yangu ni nyumbani, dukani, benki na shuleni kwa watoto, kama kilomita 25 kwa siku, siku 26 kwa mwezi. Halafu mara mbili kwa mwezi nashuka Kyela kuchukua mchele. Nalala kwa mama, kesho yake napanda na magunia mawili ya kilo 100, mara nyingine matatu. Kutoka kwangu hadi kwa mama ni karibu kilomita 120.

Kaka yangu aliye Dar es Salaam anataka niachane na petroli. Amepata bei mbili za Nissan Leaf kutoka Japani, kila kitu hadi gari lipate namba. Moja ni ya 2014, betri ya kilowati-saa 24, ina vijiti 10 kati ya 12 kwenye dashibodi, milioni 15. Nyingine ni ya 2018, betri ya 40, milioni 28. IST mnunuzi amefika milioni 10. Ina bima ndogo tu. Kaka anasema hilo la 2018 linakwenda kilomita 400 kwa chaji moja, halina oili wala plagi, na kuchaji ni kuchomeka ukutani kama simu.

Wasiwasi wangu ni ile barabara ya kutoka Kyela kupanda Tukuyu mpaka Isongole, ambako hata IST inalia. Pia umeme wetu wa Uyole msimu wa mvua unakatika na kurudi kwa kishindo. Na betri ikichoka baada ya miaka michache, hesabu yote si itakuwa imeharibika? Nisaidieni kabla pesa haijatumwa. Ndaga fijo.

Mama wa nafaka, Uyole

JIBU

Dada, la 2014 mwambie kaka aliache kabisa, hata wakishusha bei. La 2018 linaweza kazi yako, safari ya Kyela ikiwemo, ila kwa masharti. Lakini kama IST bado nzima, kuiuza sasa hivi kwa ajili ya kuokoa pesa hakutakulipa. Hesabu ni hii.

Kwanza zile kilomita 400. Hiyo ni namba ya kipimo cha zamani cha Japani kiitwacho JC08, kinachopimwa kwa mwendo wa pole. Kwa kipimo kipya cha Wajapani, WLTC, gari hilohilo lilipewa kilomita 322, na Wamarekani waliliandikia maili 151, yaani kilomita 243. Zote hizo ni betri ikiwa mpya, na hakuna hata moja iliyopimwa ikiwa na mchele nyuma ikipanda milima ya Rungwe. Usipange safari kwa kilomita, panga kwa uniti. Kilowati-saa moja ya betri ni uniti moja ileile unayoinunua kwenye LUKU, kwa hiyo hesabu utaifuata vizuri.

Leaf kwenye lami, mwendo wa 70 hadi 80, inakula kama uniti 14 kwa kilomita 100. Kilomita 120 ni uniti 17. Juu ya hapo ongeza mlima. Kuinua kilo 1,000 kwa mita 1,000 kunataka uniti 2.7, na hilo ni sheria ya fizikia, dereva mzuri hawezi kulipunguza. Kyela iko kama mita 500 juu ya usawa wa bahari, na barabara yako inapita juu ya mita 2,000 kabla ya kuteremkia Uyole. Chukua mwinuko wa mita 1,600. Gari lina uzito wa kama kilo 1,500, ukiongeza wewe na magunia mawili unafika karibu 1,775. Mlima peke yake unakula uniti 7.7, na kwa kuwa mota na umeme hupoteza kidogo njiani, betri itatoa karibu 9. Jumla uniti 26. Ule mteremko wa mwisho kuelekea Uyole unakurudishia kama moja. Kwa hiyo kupanda na mzigo ni uniti 25.

Sasa linganisha betri. Ile ya 24 ikiwa mpya inakupa kama uniti 21 za kutumia. Vijiti 10 maana yake afya yake iko kati ya asilimia 72 na 79, basi zimebaki kama 16. Ukitoka Kyela imejaa, Tukuyu utafika ukiwa na uniti 3 hivi mkononi, na mlima mbaya bado uko mbele. Gari litaonyesha alama ya kobe, litapunguza nguvu, na utasimama kabla ya Isongole na mchele wako. Ile ya 40 ikiwa na afya ya asilimia 88 ina kama uniti 33 za kutumia. Unafika nyumbani na 8. Hiyo ni akiba inayotosha kwa mvua, baridi na foleni ya malori, lakini haitoshi kwa kusahau kuchaji.

Na magunia matatu, hapana. Gari la Japani la watu watano hupewa uzito wa abiria kwa kipimo cha kilo 55 kila mtu, yaani kilo 275, dereva akiwemo. Magunia mawili na wewe mmefika hapo. La tatu litalalia shokapu za nyuma na kushusha tumbo la gari, na kwenye Leaf tumbo ndilo betri. Chini kuna nafasi ya sentimita 15 tu. Kama kwenda shambani au kinuni kuna barabara ya mawe au mfereji uliochimbika, mzigo ufuate na Noah au kirikuu mpaka lami.

Kushuka kwenda Kyela ni raha. Uniti 12 au 13 zinatosha, kwa sababu ukiteremka mota inageuka kuwa jenereta na kurudisha umeme kwenye betri. Washa e-Pedal au weka gia B kuanzia Isongole, gari litajishika lenyewe na breki zako hazitanuka. Jua kitu kimoja: betri ikiwa imejaa pomoni haipokei umeme wa mteremko, na kazi yote inarudi kwenye breki za kawaida. Kwako si tatizo kubwa kwa sababu kutoka Uyole unaanza kwa kupanda, kwa hiyo unaweza kuondoka ikiwa imejaa. Utafika kwa mama ukiwa na kama uniti 20. Kurudi kunataka 25 na akiba ya 4 angalau, kwa hiyo usiku huo lazima uongeze 9, na ni bora uijaze. Kwa chaja ya ampea 10 betri inapata kama uniti 2 kwa saa: saa nne na nusu ndiyo chini kabisa, saa sita na nusu imejaa. Umeme ukikatika Kyela usiku mzima, kesho yake hupandi na mzigo. Usiipange safari kwa kutegemea kituo cha chaji ya haraka ambacho hujakiona kwa macho kikifanya kazi, tena chenye kichwa cha CHAdeMO, maana Leaf hizi haziingii kwenye kichwa kingine cha haraka.

Tuje kwenye pesa. Kilomita zako ni 650 za mjini na 480 za Kyela kwa mwezi, kama 13,560 kwa mwaka. Petroli lita 1,080 kwa mwaka. Tukichukua 3,000 kwa lita ni shilingi 3,240,000. EWURA, wasimamizi wa mafuta na umeme, hutangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, kwa hiyo badilisha namba hiyo kwa bei ya Mbeya ya mwezi huu. Umeme: gari litatumia kama uniti 16 kwa kilomita 100 ukichanganya mji na milima, lakini utanunua 18, kwa sababu sehemu hupotea kama joto wakati wa kuchaji. Ni uniti 2,440 kwa mwaka. Kwa tarifu ya kawaida ya nyumbani, uniti ni shilingi 292, na ukiongeza VAT na tozo za REA na EWURA inafika shilingi 356. Jumla karibu 870,000. Umeokoa 2,370,000. Ongeza 300,000 za oili, filta na plagi ambazo hutanunua tena: 2,670,000 kwa mwaka.

Inavutia, na kaka yako hapo hajakosea. Alichosahau ni bima. IST unalipia bima ndogo, 118,000. Gari la milioni 28 huwezi kuliacha na bima ndogo kwenye barabara ya Uyole yenye malori ya Zambia na Malawi usiku na mchana. Bima kubwa ni asilimia 3.5 ya thamani na VAT juu yake, yaani 1,156,400. Tofauti ya bima inakula zaidi ya milioni moja, na akiba yako inabaki 1,630,000. Wewe unaongeza milioni 18 juu ya IST. Gawanya: miaka 11. Hapo bado hujaweka hata shilingi ya betri.

Hesabu inageuka siku IST itakapokufa injini na ukawa unatafuta gari lingine kwa lazima. Kama ungenunua la petroli la milioni 20 lenye bima kubwa, tofauti ya bei ni milioni 8 tu na tofauti ya bima ni kama 330,000. Leaf inarudisha ile milioni 8 kwa miaka mitatu na nusu hivi. Ukiweka pembeni milioni moja kila mwaka kwa ajili ya betri, inakuwa miaka sita. Hiyo ni biashara ya kufikiriwa. Kwa mtu wa teksi anayezunguka kilomita 100 kwa siku mjini ingelipa mapema zaidi, lakini kilomita zako ni chache.

Ule mfuko wa betri usiuchukulie kama pambo. Betri ya Leaf hizi haina maji ya kupoza wala feni. Inategemea hewa inayopita chini. Joto ndilo linaloizeesha, na ndiyo maana Leaf za kwanza zilizouzwa Phoenix, Marekani, zilianza kulalamikiwa mwaka 2012. Ninyi wa Uyole mmebarikiwa, kwa sababu baridi ya mita 1,800 inaitunza betri vizuri kuliko Dar. Kinachoichosha kwako ni joto la Kyela na ule mlima. Ukifika Uyole kutoka Kyela, iache ipoe mpaka saa nne usiku ndipo uchomeke. Siku za kawaida unatumia uniti 4 tu, kwa hiyo chaji kila baada ya siku mbili au tatu, uiache icheze kati ya asilimia 30 na 80, na uijaze usiku wa kuamkia safari tu. Ikifika afya ya asilimia 75 bado itafaa mjini kwa miaka, lakini Kyela na mzigo itakuwa imeaga. Betri nyingine, hata iliyotumika, ni dola elfu kadhaa kabla ya ushuru, na kuisafirisha ni ghali kwa sababu betri za lithiamu huhesabiwa mzigo wa hatari melini.

Sasa ukuta. Kauli ya kuchomeka kama simu ndiyo inayounguza nyumba. Chaja ya ampea 10 ni wati 2,300, kama pasi mbili zinazowaka saa saba mfululizo bila kuzima. Soketi ya kawaida ya ampea 13, ambayo pini zake zimelegea na nyuma ina waya wa 2.5 uliorukishwa soketi tano, itapata moto pole pole, plastiki igeuke rangi ya kahawia, halafu harufu. Kebo ya upanuzi iliyozungushwa kwenye gurudumu lake ni mbaya zaidi. Tafuta fundi mwenye leseni ya EWURA akuvutie njia ya peke yake kutoka kwenye boksi la sakiti breka: waya wa shaba wa milimita 4 za mraba kama ni chini ya mita 20, breka ya ampea 16, na soketi ya buluu ya viwandani ya ampea 16 yenye kifuniko. Kinga ya kuvuja kwa umeme iwe ya miliampea 30, aina ya A. Ile aina ya AC inayouzwa kwa bei rahisi inaweza kupofushwa na umeme wa DC unaovuja kutoka kwenye chaja ya gari, ikakaa kimya siku unayoihitaji. Ethi ipimwe kwa mashine, isomeke chini ya omu 10. Wengi hulaumu chaja inapowasha taa nyekundu na kugoma, kumbe imekuta nyumba haina ethi ya maana.

Kwa huo umeme unaorudi kwa kishindo, mwambie fundi aweke kinga ya radi na mshtuko wa umeme ndani ya boksi, pamoja na kifaa cha kukata volti zikipanda au zikishuka kupita kiasi na kusubiri dakika chache kabla ya kurudisha. Kile kifaa cha friji usikichomeke hapa, ni kidogo. Radi ikianza kupiga kati ya Novemba na Aprili, chomoa. Kebo inayokuja na gari la Japani soma kibandiko chake: kama imeandikwa volti 200 tu, usiikate plagi ukaifunga nyingine. Nunua ya volti 230 yenye kichwa cha Type 1, ndicho kinachoingia kwenye Leaf ya Japani.

Ukifika wakati wa kununua, nunua betri, gari lije nalo. Karatasi ya mnada mara nyingi haisemi afya ya betri. Muuzaji achomeke kifaa cha OBD (cha kusomea kompyuta ya gari) chenye Bluetooth, afungue programu ya LeafSpy na akutumie picha ya skrini inayoonyesha na kilomita. SOH, yaani afya ya betri kwa asilimia, iwe 85 au zaidi. Ahr, yaani ujazo wa betri kwa ampea-saa, kwa betri ya 40 ikiwa mpya ni kama 115, hivyo isiwe chini ya 98. Tofauti kati ya seli, inayoandikwa kwa milivolti, uione wakati chaji iko chini ya asilimia 30: chini ya 30 ni nzuri, ikipita 100 kuna seli inayokufa. Vijiti pekee visikushawishi, maana kumbukumbu ya betri inaweza kufutwa kwa kompyuta, vijiti vyote 12 vikarudi kwa wiki chache halafu vikaanguka barabarani. Gari la miaka mingi lenye SOH ya 100 huku Hx, namba nyingine ya afya kwenye programu hiyo, ikiwa chini sana, likatae. Na wakala aandike ushuru wote kwa maandishi. Gari likifika miaka 8 tangu litengenezwe linaongezewa ushuru wa uchakavu, likipita 10 unapanda tena. La 2018 linatimiza miaka 8 mwaka 2026, na ile milioni 28 inaweza kuwa imepigwa bila hiyo nyongeza.

Matunzo mengine ni mepesi. Maji ya breki kila miaka miwili, matairi yanaisha mapema kidogo kwa uzito wa gari, na ile betri ndogo ya volti 12, saizi ya NS60, ikichoka gari zima haliwaki hata kama betri kubwa imejaa. Ibadilishe kila baada ya miaka mitatu au minne kabla haijakulaza. Baridi ya Juni na Julai tumia kiti chenye joto kuliko hita, maana hita inaweza kula uniti 2 kwa saa. Waya za rangi ya machungwa fundi wa mtaani asiziguse. Na gari likikwama lisivutwe kwa kamba magurudumu ya mbele yakizunguka, kwa sababu yanazungusha mota na kuzalisha umeme. Lipakiwe juu ya lori.

Jambo la mwisho ni LUKU ya mama. Kama nyumba yake iko kwenye tarifu ya uniti 75 kwa mwezi, analipa shilingi 122 kwa uniti. Kuijaza Leaf mara mbili kwa mwezi ni kama uniti 29 kwenye mita yake. Akivuka 75, kila uniti ya ziada inakuwa 427, na akizoea kuvuka, Tanesco watamhamishia kwenye 356 kwa matumizi yake yote, mpaka taa na redio. Muulize kwanza anatumia ngapi. Zikizidi 45, kuchaji kwako kutamtoa kwenye tarifu hiyo, na nafuu anayoipoteza inabidi uihesabu ndani ya bei ya mchele.